Maziwa Ambayo Mbeyu Hakuyatoa

Takaungu wanasema dadangu Mbeyu alisahau. Wanalisema hilo misibani na dukani wakisubiri unga wa ngano, tena kwa ile huruma ya kinafiki: maskini, mwanamke anayekumbuka bizari ya watu mia nne bila kuandika akasahau kwamba alimnyonyesha mtoto wa mwenzake, mpaka zikabaki siku mbili mwanawe aoe. Kila nikisikia hivyo huuma ulimi. Sasa nimechoka kuuma ulimi, nayaandika. Majina nimeyabadilisha, na mji wenyewe huenda si huu. Atakayedhani amewatambua, amedhani tu.

Dadangu ni mpishi wa harusi. Ni mfupi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka thelathini, na hapendi kusemeshwa akiwa kazini. Ukimsalimia jikoni leo utajibiwa kesho. Pilau haionji. Hufunua kifuniko, akanusa, akasema "bado" au "pakueni," na hakuna aliyewahi kumbishia akashinda. Amepika kuanzia Vipingo hadi Malindi, ambako humtumia gari la kumchukua kama mkubwa wa serikali. Na kila alikokwenda, sufuria ya pili ilisimamiwa na Pola.

Nimweleze Pola, ingawa sina hamu. Yeye na Mbeyu walizaliwa Kuruwitu mwaka mmoja, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ua wa makuti. Walisoma chuo kimoja, wakapigwa fimbo za maalim mmoja, na wakinunua doti ya leso waliikata, kila mmoja akajifunga kipande chake, watu wajue hawa ni mashoga. Waliolewa Takaungu mwaka mmoja. Mbeyu alimpata Kalama, seremala. Pola alimpata Dena, dereva wa lori, mtu mpole kiasi cha kukuudhi. Wakiwa bado maharusi waliwekeana ahadi kwamba Mungu akiwapa mmoja wa kiume na mmoja wa kike, watawaoza. Wasichana wengi husema hivyo wakacheka, wakasahau. Mbeyu si wa kusahau. Kwake lilikuwa neno lililokwisha kutoka.

Mimba ya kwanza kwetu hurudi kwa mama. Mbeyu alipofika mwezi wa nane alifunga mzigo wake akaja Kuruwitu, ajifungue kwa mama yetu na amalize arobaini huko. Kalama hawezi kuchemsha hata maji ya chai, kwa hivyo dada alimwomba shoga yake amwangalilie mume chakula. Pola akakubali. Lori la Dena lilikuwa limekufa injini huko Garissa, naye alikaa nalo miezi miwili akisubiri spea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, najua kuchota maji na kujibu watu vibaya. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu kuhusu sahani zilizokuwa zikitoka nyumba ile kwenda nyumba hii.

Kalume alizaliwa, arobaini ikaisha, dada akarudi kwake Takaungu na mimi nikaenda naye kumsaidia kulea. Kalume alipokuwa na miezi minane, Pola akajifungua msichana, akaitwa Mapenzi. Ilisemekana ni mtoto wa miezi saba. Nilimwona huyo wa miezi saba siku ya pili: mashavu tele, kucha ndefu, sauti ya muadhini. Wanawake wazima walimtazama, wakatazamana, wakasema mashaallah. Siri ya mtungi iulize kata, na kata za Takaungu zina adabu.

Mapenzi hajatimiza mwezi, titi la Pola likafanya jipu. Homa ikampanda hadi akaanza kusema ovyo, Dena akamkimbiza hospitali Kilifi, akapasuliwa na kulazwa siku sita. Mtoto akaletwa kwa Mbeyu. Kumnyonyesha kungekuwa rahisi, maana yeye mwenyewe alikuwa ananyonyesha na maziwa yake yangetosha mapacha. Lakini dini yetu inasema watoto walionyonya titi moja, mara tano za kushiba, kabla ya kutimiza miaka miwili, ni ndugu. Hawaoani milele. Na Mbeyu alikuwa na ahadi yake.

Basi alinituma maziwa ya kopo na chupa. Mapenzi aliikataa ile chupa siku nzima ya kwanza, akalia mpaka sauti ikakauka. Kila akilia, maziwa ya dadangu yalitoka yenyewe yakamlowesha leso hadi kiunoni. Alikuwa akinipa mtoto, anatoka uani, anasimama ameupa mlango mgongo, mikono ameikunja kifuani. Mimi ndiye niliyechemsha ile chupa siku sita. Mimi ndiye niliyemshika yule mtoto mpaka akakubali. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo lililokuja kunirudia miaka ishirini na sita baadaye.

Watoto wakakua. Kalume akawa fundi wa mafriji, anashughulika na hoteli za Malindi. Mapenzi akawa mwalimu wa chekechea hapa hapa. Hakuna aliyewasukuma, walipendana wenyewe, tena kwa haya, na Kalume alipomwambia mamake, Mbeyu alicheka peke yake jikoni, jambo ambalo sijapata kuliona. Posa ikapelekwa. Dena akaipokea kwa mikono miwili. Kalama alikuwepo, amevaa kanzu mpya, akatazama mkeka tangu mwanzo hadi mwisho.

Pola ndiye aliyebadilika. Kwanza alisema msichana bado mdogo, na msichana ana miaka ishirini na sita. Kisha akasema wangoje Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi. Kisha akaugua, kisha nyumba ikataka kupakwa rangi. Mbeyu alivumilia, halafu akaanza kuumia, halafu akakasirika. Shoga wa miaka arobaini na kitu anaona mwanao hafai? Wakipishana njiani Pola alikuwa akitazama viatu vyake. Kadi zikatoka, nikaha ikapangwa Ijumaa, mbuzi wakalipiwa.

Jumatatu ya wiki hiyo, baada ya alasiri, dada na mimi tulikuwa uani tunachagua mchele. Pola akaja akasimama mlangoni, hakuvua viatu. Mbeyu hakuinua macho kwenye ungo. Alimwambia kama amekuja kuomba harusi isogezwe tena, arudi tu kwake.

"Watoto hawa hawawezi kuoana," Pola alisema.

"Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu, shoga. Ni mtoto mwema. Ni nduguye Mapenzi."

Nilidhani amechanganyikiwa. Dada hakudhani hivyo. Niliona shingo yake ikikakamaa. Pola akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma aliyoandikiwa. Zile siku za Kuruwitu, kabla Kalume hajazaliwa. Zile sahani. Mara mbili tu, alisema, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza hesabu. Dena aliporudi kutoka Garissa mimba ilikuwa imeshaingia.

Mkono wa dadangu uliendelea kuchagua mchele. Ulikuwa unatupa chini mawe na mchele mzuri pamoja.

"Kalama anajua?" aliuliza.

"Nilimwambia nikiwa na mimba. Nikamwambia tena siku ya posa. Akasema tumwachie Mungu."

Mbeyu alimwambia atoke, bila kupaza sauti, na Pola akatoka. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilisema nakwenda kuitangaza habari hii mtaa hadi mtaa, mpaka ivuke na daraja la Kilifi. Dada akanishika mkono, akaniambia nikae. Nilikaa kwa sababu mkono wake ulikuwa baridi, na sijawahi kuushika mkono wa Mbeyu ukawa baridi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Lakini wenye methali hawakusema ufanyeje wakiwa wawili humo nguoni, na mmoja ni mumeo.

Alimwendea Kalama kwenye karakana yake saa ile ile, akanitaka nisimame mlangoni nizuie watu. Kalama hakukana. Alisema hakuwa na hakika, kwamba watoto hufanana tu, kwamba Mungu ni mwenye kusitiri na mwanadamu ni nani hata afunue. Alisema neno lile likitoka zitabomoka nyumba mbili. Alisema mengi, randa ikiwa bado mkononi.

"Ungemwoza mwanao kwa mwanao," dadangu alimwambia, "ili kofia yako isianguke."

Akatoka, tukarudi nyumbani. Jumanne hakupika, hakula, hakwenda popote. Alikaa kitandani ameutazama ukuta, mimi chini yake kwenye mkeka, nikitoa shauri moja baada ya jingine. Nilisema ukweli utolewe, aliyeloa aloe. Akasema ukweli ukitoka, wa kwanza kuitwa mwanaharamu ni Mapenzi, naye hakumtuma mtu kuzini. Na Dena je? Mtu aliyemlea mtoto huyo, akamfundisha baiskeli, akamlipia chuo kwa safari za Garissa, aambiwe mbele za watu kwamba hana mtoto? Nikasema basi waambiwe vijana wawili peke yao. Akasema Kalume ana hasira za haraka, angemtoa babake roho kwa nyundo yake mwenyewe. Na Mapenzi hajui kuficha, jua lisingetua kabla hajamuuliza Dena. Yote hayo nilijua ni kweli, na yaliniudhi zaidi kwa kuwa kweli.

Kuelekea adhuhuri akageuka.

"Nitasema nilimnyonyesha."

Nilimkumbusha kwamba nilikuwepo, na chupa nimeichemsha mimi. Akasema ndiyo maana nami nitashuhudia pamoja naye. Nikamuuliza kwa nini abebe yeye aibu ya watu wawili waliomchezea shere miaka yote, kwa nini mji umseme yeye, kwa nini mwanawe amchukie yeye. Nililia kwa hasira. Na uongo mbele ya maalim nao? Nikaulize wapi kafara yake?

"Kanze," alisema, "mtoto yule alinililia siku sita nikamnyima kwa ajili ya harusi. Leo wacha nimpe."

Niliinuka nikaenda kumwashia jiko.

Jumatano alasiri tukakusanyika kwa Dena. Maalim wetu alikaa katikati ya sebule, Dena kulia kwake, Kalama na Kalume kushoto. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, pazia limesogezwa nusu. Pola alikaa pembeni kabisa. Mapenzi, aliyekuwa hajui anaitiwa nini, alinifuata mimi, akakaa akiwa amenishika goti. Hina ya mwanzo ilikuwa imeshapakwa kuchani. Nilikuwa nakitazama kidevu chake, na sijui ilikuwaje sikukiona miaka yote: kidevu cha Kalama, na ule mfereji wake katikati.

Mbeyu alisimama mlangoni akasema aliyokuja kusema. Maalim ni mtu wa taratibu. Alimuuliza mtoto alikuwa na umri gani, akaambiwa hata mwezi hajatimiza. Siku ngapi? Sita. Alikuwa akishiba? Alikuwa akishiba hadi anaachilia mwenyewe. Zilifika mara tano? Maalim, siku sita mchana na usiku, nani angehesabu? Kisha akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa amelishika mdomoni: miezi mitano tangu posa, mama, mbona hukusema?

"Nilisahau," alisema dadangu.

Kalume alisimama. Aliita "Mama" mara moja tu, kwa sauti ya mtoto mdogo. Goti langu likabanwa mpaka nikahisi kucha. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba huyu ana lake, hakumtaka huyu msichana tangu mwanzo. Dada alisikia, maana mimi nilisikia, na hakugeuka.

Maalim akakohoa. Alisema ndoa haijengwi juu ya shaka, lakini kuvunja ahadi ya watu nako si jambo dogo, kwa hivyo angependa kusikia mwanamke mwingine aliyeona. Nani alikuwepo siku hizo?

Wakanigeukia.

Nitasema kweli, kwa kuwa nimeanza kuisema. Sikuwa tayari. Pale chini ya pazia nilikuwa na maneno mawili, ndiyo na hapana. Moja lingemzika dadangu kwa lawama, jingine lingemvua Pola nguo mbele ya mumewe na mji mzima, na mimi nilikuwa nataka avuliwe. Niliitaka siku ile kama mtu mwenye kiu. Nikamtazama ili nimwone akinibembeleza kwa macho. Hakunitazama. Alikuwa amemkodolea macho Mbeyu, mdomo wazi, machozi yakitiririka hadi kidevuni bila kuyafuta, kwa sababu hakuwa ameambiwa. Alikuwa anausikia uongo ule kwa mara ya kwanza kama wenzake, na yeye peke yake, pamoja na Kalama, alijua bei yake.

"Binti yangu," Maalim aliniita tena, "ulimwona akimnyonyesha?"

"Nilimwona."

"Mara tano zilifika?"

"Zilipita."

Basi ikawa imekwisha. Maalim alimshukuru Mungu aliyewaepusha na haramu kabla haijatendeka, akasema nikaha haipo, mahari yarudi. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyeacha jambo nusu, akawaelimisha waliohudhuria. Maziwa, alisema, hayaleti mama peke yake. Mume wa mwenye kunyonyesha ni baba. Akamgeukia Kalama.

"Mzee Kalama, tangu leo Mapenzi ni binti yako. Si mtu wa mbali kwako, na wewe si wa mbali kwake. Mpe mkono."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mapenzi amelelewa vizuri, na alelewaye vizuri hutii hata moyo ukiwa vipande. Alisimama, akapita mlangoni uso umelowa, akapiga magoti mbele ya yule seremala, akaushika mkono wake akaubusu.

"Shikamoo, baba."

Kalama alifungua mdomo aitikie. Akainama akalia mpaka kofia ikamdondoka, na wazee wakampapasa mabega wakimwambia asubiri, Mungu atampa mwanawe mke mwingine. Dena naye alikuwa akilia. Aliinuka akaja hadi pazia, akamwambia Mbeyu kwamba miaka yote hii hakujua ni maziwa ya nani yaliyomweka mwanawe hai siku zile sita, kwamba Mungu amlipe kwa kila tone. Dadangu akaitikia amin. Nimemsikia dadangu akisema mengi, lakini amin ile sitaki kuisikia tena.

Kalume aliondoka Alhamisi asubuhi kwenda Malindi na begi moja. Mamake alimpigia simu, haikushikwa. Akamtumia ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Kwangu aliwahi kupiga mara moja, akaniuliza kama nina hakika, kama kweli niliona kwa macho yangu. Nikamwambia niliona. Ule uongo wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, maana hapakuwa na maalim wala pazia, ni mimi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Mji ukamkata Mbeyu kwa ulimi. Harusi mbili zilimkwepa, zikampa kazi mtu wa Mavueni ambaye pilau yake hushikana kama uji. Kalama alipikiwa na kuwekewa sahani, akala barazani peke yake. Tangu siku ile dada hajamwita kwa jina. Pola alifika mlangoni siku tatu mfululizo na siku tatu hakufunguliwa. Ya nne hakuja. Harusi zilipoanza kurudi, sufuria ya pili niliisimamia mimi, na sikuwa mzuri. Dada alinirekebisha bila maneno, akininyang'anya mwiko. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hatimaye nafasi ile imekuwa yangu. Nilikuwa nimesema uongo kwa ajili yake. Pola alikuwa amemfanyia nini?

Ikapita miezi minane. Jumapili moja asubuhi picha ikaingia kwenye simu yangu kutoka kwa Kalume: yeye na msichana nisiyemjua, mbele ya ofisi ya kadhi Malindi, wameshikana mikono, msichana amevaa shela nyeupe. Chini aliandika maneno matatu: mama mdogo, mwambie.

Nikaenda kwa dada. Nilimkuta akimenya vitunguu saumu vya harusi ya watu. Nilimwonyesha simu. Aliifuta mikono kwenye leso, akaishika, akaitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole kuuona uso wa mkwewe. Mtoto wake mmoja, ameoa, na hakualikwa hata kama mgeni. Nilisogea karibu nimshike. Nilikuwa nimejiandaa alilie kwangu.

Alinirudishia simu. Akasimama, akajitanda leso kichwani, akatoka bila viatu. Nilimfuata kwa nyuma nikidhani anakwenda ufuoni, au msikitini, au anataka upepo tu. Aliipita nyumba yangu. Akakata kona kwa Dena, akasukuma mlango bila hodi kama alivyokuwa akiusukuma zamani, na kutoka nje nikamsikia akisema, "Pola, Kalume ameoa."

Kisha nikawasikia wote wawili. Ni kilio cha pamoja, huwezi kusema hii ni sauti ya nani.

Niliona wivu, nakiri. Nilisimama pale njiani kwa muda, watu wakipita wakiniamkia. Halafu nikarudi kumfungia mlango wake, maana alikuwa ameuacha wazi, na paka walikuwa wameshaanza kuingia.